Kipanga wa Kibao cha Kijani

Kuna uchovu wa kulala ukaamka umekwisha, na kuna ule mwingine, unaoamka nao, unavaa nao viatu, unafunga nao mlango. Fundi alikuwa na huo wa pili. Alikuwa nao kwa muda mrefu hata watu wakadhani ndiyo sura yake aliyozaliwa nayo, wakaacha kumuuliza ana nini.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza ndege. Msicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Zamani alikuwa fundi cherehani wa nguo za watu, mpaka hospitali ya ndege ilipomwita awashonee vifuko vya kuziba macho, maana ndege mla nyama ukimziba macho anatulia, unamtibu bila vita. Alipomaliza vifuko wakamwambia, basi tushonee na machela ndogo. Alipomaliza machela wakamwonyesha namna ya kuunga manyoya yaliyovunjika, na hiyo ndiyo ikamganda. Nguo za watu akaziacha. Jina la Fundi likabaki.

Hospitali yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mbao. Mbele chumba cha matibabu chenye meza ya bati na taa ya kuinamisha. Nyuma mstari wa vizimba. Pembeni kachumba ka kufugia panya weupe wa kulisha wagonjwa, na mwenye kachumba hako alikuwa mzee mmoja mcheshi aliyeitwa Mzee wa Panya, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Nje, ukutani, kulikuwa na kizimba kirefu cha wavu walichokiita uwanja, ambamo ndege aliyepona hufanya mazoezi ya kuruka kabla ya kuachiwa. Uwanja ulikuwa mmoja tu. Kumbuka hilo.

Kila kizimba kilining'inizwa kibao. Chekundu maana yake aina hiyo ya ndege inapungua na inaweza kutoweka kabisa. Kijani maana yake wapo wengi, hakuna wasiwasi. Vibao hivyo havikutungwa pale, vilitoka kwa wataalamu wanaofuatilia ndege wa dunia nzima, na wafadhili wakija kutembelea walisoma kibao kwanza, ndege baadaye.

Jumatatu hiyo walikuwa na vipanga wawili, na shida yote ilianzia hapo.

Wa kwanza alikuwa kipanga wa msituni, dume, kibao chekundu. Alimfuata kuku ndani ya banda la waya, akakwama, akajipigapiga mpaka manyoya ya mkia na ya bawa la kulia yakakatika, yakabaki vipande kama ufagio uliochakaa. Mwili mzima, kidonda cha maana hana, ila kuruka hawezi. Wa pili alikuwa kipanga wa kawaida, jike, kibao cha kijani. Huyu alikuwa anamkimbiza njiwa, akajigonga kwenye kioo cha ofisi, akavunjika mfupa wa bega. Mfupa ulikuwa umeshaunga. Manyoya yake yote yalikuwa safi, yamelala vizuri, kwa sababu Fundi alikuwa amemtunza muda wote huo kama yai.

Ukiwatazama kwa haraka utasema ni ndugu, na kweli ni ndugu. Wote wana macho ya kukudai, mistari kifuani, mabawa mafupi ya duara na mkia mrefu wa kukatizia kona kati ya miti. Lakini wa msituni ni mzito zaidi, mgongo wake mweusi, na anachagua. Anataka mti mrefu wa zamani ndani ya msitu mnene, na mti huo ukikatwa hahamii mjini kutafuta maisha. Anaishia hapo hapo. Huyu wa kawaida hana makuu. Atajenga kwenye mti wa uwanja wa shule, atakula njiwa wa paa la soko, njiwa wakikosekana atakula mjusi, siku zinakwenda. Ndiyo maana mmoja yuko kwenye hatari na mwingine hana habari. Kitu kimoja zaidi: kwa vipanga jike ndiye mkubwa, dume ndiye mdogo. Kwa hiyo jike wa kawaida na dume wa msituni wanakuja kulingana, bawa kwa bawa, mkia kwa mkia.

Daktari aliliona hilo kabla ya mtu yeyote kulisema. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema mapema kwa sababu ukisikia yanayofuata utamwona katili. Alikuwa mwanamume mpole wa makamo, ameshazoea kuchagua kati ya mabaya mawili.

"Walinzi wa msitu wamempigia simu mkubwa wetu," alisema, ameegemea meza ya bati. "Mke wa huyu dume yuko kwenye kiota, amelalia mayai. Dume ndiye anayemwindia. Asiporudi wiki hii, jike atashindwa na njaa, atayaacha mayai. Na katika msitu ule hatujui jozi nyingine."

"Manyoya yake hayataota leo wala kesho," Fundi akasema.

"Ndiyo maana nahitaji uyaunge. Ya mwenzake kizimba cha pili yanamtosha." Akasita. "Ijumaa tutampumzisha yule wa kawaida, halafu utayakata."

Kumpumzisha ni kumdunga sindano ambayo baada yake hataamka tena. Fundi alilichukia neno hilo. Yeye mwenyewe alihitaji kupumzishwa kwa maana ile ya kawaida, na hakuna aliyewahi kujitolea.

"Huyu amepona, daktari. Anahitaji uwanja tu afanye mazoezi."

"Uwanja utamchukua mwekundu, na manyoya ya huyu ndiyo tunayoyahitaji. Ukiwaweka wawili humo, mmoja atamla mwingine. Na kumwachia bila mazoezi ni kumtupa, atakufa njaa kwa mateso." Daktari akavua miwani, akafuta, akavaa. "Sipendi na mimi. Lakini wa kijani wako wengi, Fundi. Wako wengi."

Mzee wa Panya alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lake. "Mimi mwenyewe ni kibao cha kijani," akasema. "Wazee wa kufuga panya tumejaa tele. Siku nikipata mafua mtanitafutia Ijumaa yangu."

Daktari alicheka kidogo. Fundi hakucheka. Alikwenda kumlisha kipanga wa kawaida, naye akala vizuri kama kawaida yake, hana habari na Ijumaa.

Nyumbani kulikuwa na mama. Mama alikuwa ameanguka mwaka uliopita, nyonga ikapona nusu, na tangu hapo kumtoa kitandani, kumpeleka bafuni, kumrudisha, kumgeuza, yote yalikuwa mikono ya Fundi. Asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, na mchana jirani alikuja kumtazama kwa sharti kwamba Fundi asichelewe kurudi. Mgongo wake ulikuwa umeshaanza kuzungumza lugha yake.

Jioni ile alimkuta mama amejiinua kwenye mto, uso umenawiri.

"Mdogo wako anakuja," mama akasema kabla ya salamu. "Alhamisi. Kapiga simu. Jumapili anaondoka."

"Sawa, mama."

"Ubadilishe mapazia. Haya yamefifia. Na alale kitandani kwako, yeye hajazoea godoro la chini."

Fundi akasema sawa tena. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kike, aliyekuwa akiishi mji wa mbali na kufanya kazi kwenye jengo lenye lifti. Walipokuwa wasichana baba alifariki, na mama akasema wazi kwamba mmoja aendelee na shule na mwingine abaki amsaidie. Mdogo ndiye aliyekuwa na alama nzuri. Hakuna aliyeona ubaya, na Fundi mwenyewe hakuuona wakati ule. Basi mdogo akawa mtu wa kuja kwa nadra, na kila akija nyumba inafagiliwa, anaulizwa anapenda kula nini. Fundi ni wa kila siku. Nani anamuuliza wa kila siku anapenda nini?

Alibadilisha mapazia akiwa amesimama juu ya kiti, mikono juu, na hapo ndipo hasira ikampanda ghafla. Alikasirika kweli. Alikuwa na hasira na mapazia, na mama, na kiti, na kibao cha kijani. Halafu ikashuka, kwa sababu hata hasira inataka nguvu.

Alhamisi mdogo akaja na mabegi na harufu nzuri. Tusimwonee, alikuwa mtu mzuri. Alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu, alimletea viatu vya kutembelea vyenye soli laini, alikaa kitandani kwa mama akamkanda miguu na kumchekesha mpaka mama akakohoa. Wakati wa chakula aliuliza habari za kazini, na Fundi, ambaye kwa kawaida hujibu "tunamshukuru Mungu" akaishia hapo, safari hii akasimulia yote. Wa msituni, wa kawaida, mayai, Ijumaa.

"Kesho?" mdogo akasema. Macho yalimjaa machozi kweli. "Maskini ya Mungu. Dada, si umchukue wewe? Wewe ndiye mwenye moyo wa hivyo. Mimi nisingeweza."

"Dada yako anaweza," mama akasema huku akitafuna. "Huyu hashindwi."

Fundi aliweka kijiko chini. Akainuka akaosha vyombo.

Ijumaa walikuwa watatu kwenye chumba cha matibabu. Daktari ameshaandaa sindano kwenye sahani. Mzee wa Panya amemshika kipanga wa kawaida, kifuko cha macho kimefungwa, ndege ametulia kabisa mikononi mwake, kifua kinapanda na kushuka. Fundi alikuwa na vifaa vyake mezani: mkasi, gundi, vijiti vya mwanzi alivyovichonga mwenyewe vyembamba kama sindano ya kufumia.

"Daktari," akasema. "Kukata unyoya si kama kukata kucha? Hausikii."

"Hausikii." Daktari alijua anakokwenda, alikuwa ameshalifikiria. "Tunaweza kumkata akiwa hai. Visiki vitabaki, na wakati wa kubadilisha manyoya ukifika, vitadondoka, yataota mapya. Tatizo si hilo. Tatizo ni hiyo miezi ya katikati. Atakuwa hawezi kuruka hata kupanda kijiti. Kizimba sina, chakula nimeshapigiwa hesabu, na wa kijani hanunuliwi hata panya mmoja nje ya hesabu. Nani atakaa naye?"

Daktari akamtazama Fundi. Mzee wa Panya akamtazama Fundi. Hata ndege, pamoja na kifuko machoni, alikuwa amegeuza kichwa upande ule.

Na Fundi aliwaona wote wakimtazama, akajua kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Chumba chochote chenye mzigo, watu wanageuka kumtafuta yeye. Hata yeye alikuwa akijigeukia.

"Nimechoka," akasema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida. Daktari akadhani anamaanisha ashike kiti akae, akamsogezea.

"Sitaki kiti. Nasema nimechoka. Nyumbani nina mama nambeba asubuhi na jioni. Hapa nina hawa. Sijawahi kulisema hili mahali popote, sasa nimelisema." Akashusha pumzi. "Huyu nitamchukua, kwa sababu mkimdunga nitaendelea kumwona. Lakini ujue, daktari, nimemchukua nikiwa nimechoka. Asije mtu akaniambia nina moyo."

"Sitakuambia," daktari akasema. Akaichukua sahani ya sindano akaiweka kabatini.

"Panya nitakuletea mwenyewe," Mzee wa Panya akasema, akitazama dari. "Kuna wengine huwa wanatoroka. Hesabu ya wanaotoroka hakuna anayeijua."

Basi wakaanza. Fundi alikunjua bawa la kulia la kipanga wa kawaida, akakata unyoya mmoja mmoja, akiacha kisiki kifupi kwenye ngozi, na kila unyoya akaulaza kwenye kitambaa kwa mpangilio wake, maana unyoya wa tatu hauendi mahali pa wa nne. Kisha mkia. Alipomaliza, yule jike alikuwa upande mmoja ndege na upande mwingine kuku aliyenyonyolewa. Halafu wakamleta dume wa msituni. Fundi akakata masalio yake, akachomeka kijiti cha mwanzi nusu ndani ya kisiki chake na nusu ndani ya unyoya wa mwenzake, tone la gundi, anashika, anasubiri, anageuza kidogo ukae sawa na jirani yake, anakwenda mwingine. Manyoya ya jike yalikuwa na rangi ya udongo, na ya dume yalikuwa meusi, kwa hiyo kazi ilipokwisha mkia wake ulikuwa kama suruali yenye viraka. Lakini ulikaa. Daktari akamjaribu uwanjani, akaruka toka mwisho huu hadi mwisho ule, akakata kona bila kugusa wavu.

Jumamosi asubuhi walimpeleka ukingoni mwa msitu. Fundi ndiye aliyefungua sanduku, daktari alisisitiza iwe hivyo. Kipanga alitoka, akakaa juu ya ukingo wa sanduku kwa muda wa kumeza mate, kisha akaondoka, chini chini, kati ya vigogo, na vile viraka vya udongo vikaonekana mara ya mwisho akipinda. Hakugeuka nyuma. Fundi hakumlaumu, ndege yule alikuwa na watu wa kulisha. Lakini machozi yalimtoka, na alijua hayakuwa ya furaha kama daktari alivyodhani.

Alirudi nyumbani mchana akiwa na boksi lenye matundu. Mdogo alikuwa anakunja nguo zake kwenye begi, mama yuko kitini karibu na dirisha. Fundi akaweka boksi sakafuni, akafungua. Jike akatoka kwa miguu, akajaribu kupiga mabawa, akaangukia upande mmoja, akasimama, akawatazama wote kwa zamu.

"Kuku gani huyu ana macho ya askari?" mama akauliza.

"Si kuku, mama. Ni yule wa kawaida. Yule mwingine ameruka na manyoya yake."

"Kaenda nayo?"

"Kaenda nayo. Hayarudishwi."

Mama akamtazama yule ndege kwa muda. Jike alikuwa anajaribu kupanda mguu wa meza, anateleza, anajaribu tena. "Na ya huyu yataota?"

"Yataota, akitulia mahali pamoja, akilishwa, asisumbuliwe. Wakati wake ukifika."

"Umefanya vizuri, dada," mdogo akasema, kweli akimaanisha. "Nilijua tu utamchukua, wewe una..."

"Usimalizie," Fundi akasema. Akakaa chini, palepale sakafuni, mgongo ukutani. "Nimechoka, mdogo wangu. Sina cha kuongeza. Nimechoka toka hata sikumbuki lini."

Mdogo alibaki na blauzi mkononi. Akamgeukia mama, amsaidie kusema neno la kutuliza, kama walivyozoea. Lakini mama alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anamtazama yule ndege mwenye upande mmoja, halafu akamtazama binti yake mkubwa aliyekaa sakafuni, halafu tena ndege.

"Mwanangu," mama akamwambia mdogo. "Toa nguo zako nusu kwenye hilo begi."

"Kwa nini, mama?"

"Uweke zangu. Naenda na wewe kesho."

"Mama, kwangu natoka asubuhi narudi jioni. Na lifti ya nyumbani hakuna, ni ngazi."

"Utanibeba. Dada yako ananibeba, na yeye mgongo wake haukusomea kubeba." Mama alisema bila ukali, kama mtu anayeagiza chumvi. "Utatafuta na wewe jirani wa kunitazama mchana. Utajifunza."

Mdogo akaketi kitandani. Hakusema ndiyo mara moja, na nisingemwamini kama angesema. Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja. Mwisho akaanza kutoa nguo begini, moja moja, akiziweka pembeni polepole, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ameuona huo mzigo ulivyo mkubwa.

Fundi alitaka kusema hapana, mama abaki, nitaweza. Neno lilishafika ulimini, kwa mazoea. Akalimeza.

Waliondoka Jumapili. Fundi alimbeba mama mpaka kwenye gari, mara ya mwisho kwa muda huo, akarudi ndani akamlisha kipanga panya aliyetoroka, akajitupa kitandani kwake na viatu vipya miguuni, jua likiwa bado liko juu. Aliamka Jumatatu.

Simu ndiyo iliyomwamsha. Alikuwa ni mama, sauti inatoka mbali, na nyuma yake alisikika mdogo akihema kama mtu aliyepandisha gunia.

"Yameota?" mama akauliza.

"Bado, mama. Ni juzi tu."

"Vizuri," mama akasema. "Usimharakishe."